Dirisha la Ng'ombe

Nilipowaambia watu kwamba naacha kazi kwa mwaka mzima nikajenge nyumba za wengine bila malipo, wengi walinipa pole. Jirani yangu hapa Moshono aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa. Dada yangu alidhani nimeokoka. Mke wangu, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika, aliitazama mikono yangu, kisha akauliza kama hao wenzangu wa kujitolea wamewahi kuniona nikipigilia msumari. Nikamwambia hawajawahi. Akasema basi ni watu wa imani kubwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na maneno. Kwa miaka mingi nilikuwa nimehariri vitabu vya shule na kuandika makala kuhusu hali ya nchi, hadi nikafika mahali ambapo niliweza kuandika kuhusu jambo lolote bila kulijua. Kikundi kilichonipokea kilikuwa kidogo, kimeundwa na waumini wa sharika kadhaa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukarabati nyumba za wajane, wazee na wagonjwa, na pale ambapo hapakarabatiki, kujenga upya. Wengi walikuja Jumamosi, wakabeba tofali mbili tatu, wakapiga picha, wakaondoka na vumbi kidogo kwenye suruali. Mimi nilikuwa mtu wa kila siku.

Bosi wangu alikuwa fundi mwashi kutoka upande wa Kilimanjaro, wa rika langu, mwenye sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara kuu. Na yeye alikuwa anajitolea mwaka wake, ila yeye alikuwa na kitu cha kutoa. Tangu siku ya kwanza aliniita Msomi. Nilipotaka kujua kwa nini mchanga unatangulia saruji, aliniambia, "Msomi, zege halisomwi, linakorogwa," akanipa chepeo.

Miezi ya mwanzo tulikuwa Nduruma, kwenye tambarare, ambako upepo unang'oa mabati kama mtu anayefungua kopo. Huko nilijifunza kubeba karai bila kulia, na nikajifunza kitu kingine ambacho sikukitegemea: jioni nilikuwa narudi nyumbani nikiwa nimechoka mwili badala ya kichwa, na mtu aliyechoka hivyo hana nafasi ya kuhangaikia hali ya nchi. Mke wangu alisema nimeanza kukoroma kwa heshima zaidi.

Baada ya Krismasi tukapanda Mlima Meru, upande wa kuelekea Momela, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Alikuwa mzee wa kutosha kuwa mama yangu, mwembamba, mwenye kilemba kilichofungwa kwa nguvu na gumbuti zilizoachwa na marehemu mume wake. Watoto wake walikuwa wameshatawanyika mijini. Alibaki na migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo. Ukuta wa upande wa juu, ule uliopokea maji yote yanayoshuka kutoka mlimani, ulikuwa umevimba tumbo kuelekea ndani, na mtu fulani alikuwa ameuegemezea gogo kana kwamba ukuta ungeona aibu kuanguka ukishikwa. Kitanda cha mama kilikuwa chini ya tumbo hilo hilo. Fundi aliingia, akaweka kiganja kwenye udongo, kisha akatoka. Nje akaniambia kwamba ukuta ule ulivumilia masika yaliyopita kwa huruma tu. Masika yanayokuja utaanguka, na ukianguka utamkuta amelala.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa wazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Mvua ya masika ilikuwa inakuja mwezi wa tatu, na kabla haijaja, mama yule alitakiwa awe analala mahali pengine.

Tukajenga. Vyumba viwili na sebule, tofali za saruji, bati jipya, sakafu inayoteleza. Tulimshirikisha mama katika kila kitu, au ndivyo tulivyoamini. Fundi alikuwa akimwita, anamwonyesha, anamweleza, mama anakunja mikono juu ya khanga, anaitikia, "Sawa, wanangu. Mungu awabariki." Tukimwambia nyumba itakaa hapa, sawa. Mlango utaangalia barabarani, sawa. Rangi je? Hapo alifikiri kidogo, akasema bluu, kama sketi za shule. Fundi alifurahi sana kwamba mteja ana maoni.

Kulikuwa na suala la ng'ombe. Banda lake la zamani lilikuwa limeshikamana na nyumba ya mama, ukuta mmoja tu katikati, na ukuta huo ulikuwa ndugu wa ule uliovimba. Kwa hiyo ng'ombe naye alihitaji makazi mapya. Fundi na mimi hatukubishana hata dakika moja, na hiyo ingetosha kututia shaka, kwa sababu tulikuwa tunabishana hata kuhusu chumvi. Tulilipeleka banda chini kabisa ya shamba, ng'ambo ya kahawa. Fundi alitoa hotuba fupi kuhusu nzi, harufu na afya ya binadamu, na mimi nikaongezea mambo ya maendeleo. Tulijenga banda zuri, lenye sakafu ya zege na hori la kulishia. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Sawa, wanangu."

Mwishoni mwa mwezi wa pili nyumba ilikuwa imekamilika, bluu kuliko anga. Tulimkabidhi funguo. Akashukuru mpaka tukaangalia chini. Asubuhi ya pili tulipofika kukusanya vyombo vyetu, tulimkuta anatoka kwenye nyumba ya zamani, gumbuti miguuni, ndoo ya maziwa mkononi.

Saruji haijakauka vizuri, alisema. Kifua chake hakipatani na ubaridi wa saruji mbichi. Lilikuwa jambo la maana, tukakubali. Saruji ikakauka. Kisha akasema hawezi kuingia nyumba ambayo haijabarikiwa, na hilo nalo lilikuwa na maana, maana huku watu hawahamii kabla ya mchungaji. Mchungaji akaja, akaomba katika kila chumba, hata kwenye kile kidogo cha stoo. Majirani wakaimba. Tukala mtori na nyama mpaka fundi akalegeza mkanda. Jioni, wageni walipoondoka, mama alifunga mlango wa bluu, akafunga funguo kwenye pindo la khanga, akatuaga vizuri, na akaenda kulala chini ya tumbo la ukuta.

Baada ya hapo ikawa mahindi. Aliingiza magunia yake yote ya mahindi kwenye chumba cha kulala, kwa sababu panya wa huko nje ni wengi. Mahindi yakahamia, mama akabaki.

Fundi alichukulia suala hilo kibinafsi. Alisema amejengea watu wengi katika maisha yake na hajawahi kujengea gunia. Mimi nilikuwa na nadharia. Nilimweleza kwenye gari kwamba nyumba ya zamani ni kumbukumbu ya ndoa, kwamba mtu haachi mahali alipopendwa. Niliongea tangu getini kwa mama mpaka lami. Fundi alisikiliza, akasema kwamba nikifika mjini niuandikie ukuta barua, niueleze usianguke kwa sababu kuna kumbukumbu.

Mawingu yakaanza kukaa kichwani mwa Meru mchana kutwa. Upepo ukabadilika, ukawa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Nilianza kuamka mapema kuliko kawaida na kutoka nje kuangalia mlima, na siku moja mke wangu akanikuta nimesimama uani na mswaki mdomoni. Akaniuliza kama nimemuuliza yule mama kwa nini hahamii. Nikamwambia tumemuuliza mara nyingi. Akasema mmemuuliza mkiwa wawili, mmesimama, na fundi ana sauti ile.

Nilipanda siku hiyo hiyo peke yangu, na kisingizio changu kilikuwa bawaba ya mlango wa stoo. Nilimkuta anakamua kwenye banda la zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akanisogezea kigoda kingine kwa mguu. Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka ule mzima kukaa chini nikiwa eneo la kazi. Tulizungumza habari za nyumbani kwangu, za barabara, za bei ya majani ya ng'ombe upande wa chini. Kisha nikamuuliza kama kuna kitu kinamkera kwenye nyumba.

"Hapana, mwanangu. Nyumba nzuri sana."

"Basi mbona huhamii, mama?"

Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yanapiga kwenye ndoo kwa mpigo uleule.

"Huyu ana mimba," akasema. "Mzao uliopita ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Nilimsikia ukutani anahema vibaya, nikaamka, nikawaita majirani, tukamvuta. Ningechelewa kidogo ningewapoteza wote wawili. Sasa kule kwenye kahawa nitamsikiaje?"

"Ungetuambia, mama."

"Mliniuliza?"

"Tulikuuliza kila kitu."

"Mliniuliza rangi," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha mahali ulipoacha kofia yako. Na bila shaka ndivyo ilivyokuwa. Watu wamekuja kwako na saruji yao na jasho lao, hawakudai kitu, utawaambia vipi kwamba wameiweka nyumba vibaya? Unasema sawa, unashukuru, na unaendelea kulala pale unapolala mpaka ng'ombe azae. Tatizo ni kwamba mvua ingefika kabla ya ndama.

Nilirudi na habari hiyo kwa fundi nikiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu ghafla jambo lilikuwa na tiba. Lihamishe banda, libandike kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala, toboa dirisha dogo katikati. Basi.

Fundi alisema ukuta wake hautobolewi.

Alisema mengine mengi, kuhusu plasta yake, kuhusu nzi, kuhusu watu watakaopita barabarani na kuuliza ni fundi gani aliyemlaza bibi wa watu na ng'ombe katika karne hii. Nikamwacha amalize. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza swali hilo njiani, nikamuuliza ng'ombe wa bibi yake walikuwa wanalala wapi.

Alichukua mwiko, akaanza kuukwangua ingawa ulikuwa safi.

"Ndani," akasema. "Upande wa kulia ukiingia. Alikuwa anaongea nao. Likizo ikiisha nikirudi bweni, wenzangu walikuwa wananinusa shati, wanauliza nimefaulu darasa la ng'ombe."

Bibi yangu vilevile. Mimi pia nimezaliwa na wazazi wa Kilimanjaro, na kila Desemba tulikuwa tunapelekwa kulala kwenye nyumba ambayo nusu yake ilikuwa inacheua. Harufu ile niliiosha shuleni kwa sabuni ya kufulia, nikaiosha tena chuo kikuu kwa vitabu. Sasa hapa tulikuwa wanaume wawili wenye mvi, wajukuu wa mabibi wawili waliolala na ng'ombe, na bila kusemezana hata neno tulikuwa tumemfukuzia ng'ombe wa mama wa watu ng'ambo ya kahawa, mbali kadiri shamba lilivyoruhusu, na tukaliita jambo hilo afya.

Fundi aliangalia mlima. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka msituni.

"Kesho asubuhi," akasema. "Ila nitaweka wavu wa nzi. Hilo sijadiliani na mtu."

Kesho yake tulimweleza mama. Hakushangilia. Alitoa magunia ya mahindi chumbani, akisaidiwa na mimi, kisha fundi akamuuliza dirisha liwe wapi, na safari hii aliuliza akiwa amechuchumaa. Mama akasema hawezi kusema kwa macho. Akatandika mkeka sakafuni mahali ambapo kitanda kingekaa, akavua gumbuti, akalala chali, akajifunika khanga mpaka kidevuni, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Nenda nje ukahema."

Fundi akaniangalia. Nikaangalia dari.

Alitoka. Kupitia ukuta tulisikia kitu kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Mama, macho yakiwa yamefumbwa, akasema kwamba huyo si ng'ombe, huyo ni mzee wa kanisa. Nikatoka kupeleka ujumbe. Fundi, ambaye ni mwimbaji wa sauti ya nne kwaya ya kwao na mtu mwenye sifa ya kulinda, alisogea kwenye ukuta wake mwenyewe, akaweka mdomo karibu na plasta, na akahema. Akahema kama ng'ombe mwenye mimba nzito aliyelala ubavu mbaya. Jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa majani alisimama, akaushusha mzigo, akajikalia juu yake kutazama vizuri.

"Chini kidogo," ilisikika sauti ya mama kutoka ndani. Fundi akapiga magoti. "Kulia. Hapo. Hema tena." Akahema tena. "Hapo hapo."

Fundi alichomoa penseli sikioni akaweka alama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, na sikuthubutu kucheka mpaka alipoanza yeye. Tulicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta. Naweza kusema kwamba kwa mwaka ule mzima, hakuna kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu kama kile.

Tuliutoboa ukuta, tukaweka fremu, kibao cha kufunga na kufungua, na wavu wa nzi. Tulilivunja banda letu zuri la chini, tukapandisha nguzo na mabati kupitia kwenye kahawa, jirani wa majani naye akiwa amejiunga. Tone la kwanza liliangukia bati la mwisho, fundi akiwa bado juu. Aliteremka amelowa, akisema kwamba Mungu angeweza kusubiri misumari iliyobaki.

Mama alimleta ng'ombe kwanza. Alimfungia, akamwekea vipande vya mgomba, akamshika shingo. Kisha akaenda kwenye nyumba ya zamani, akarudi na godoro kichwani, limefunikwa na nailoni, akapita mbele yetu, akaingia kwenye mlango wa bluu. Baada ya muda mfupi tukasikia kibao cha dirisha kikifunguliwa kwa ndani. Tulishuka mlimani mvua ikipiga kioo cha gari kiasi kwamba hatukuona barabara, na sikumbuki safari nyingine niliyoifurahia hivyo.

Mvua ilinyesha wiki nyingi. Kila tulipopanda kumwona, kitu cha kwanza nilichoangalia kilikuwa nyumba ya zamani, na kila mara ilikuwa imesimama. Fundi alianza kuichukia. Alisema ukuta ule ni mnafiki. Nami, sijivunii hili, nilianza kuogopa kwamba mama angetuambia tulimharakisha bure.

Ndama naye alizaliwa Jumapili, mchana kweupe, mama akiwa kanisani. Alirudi akamkuta amesimama, kavu, ananyonya. Miguu ya mbele ndiyo iliyotangulia, alihisi hivyo, maana ng'ombe mwenyewe hakuonekana kama aliyepata shida. Fundi alipopata habari aliligeukia dirisha lake.

"Nilihema vile kwa ajili hiyo?" akasema.

Mama akamwambia asijali, kwamba sasa anawasikia wawili, na usingizi wake umekuwa mzuri.

Kisha mvua ikakata. Tulipanda siku ya jua kali kuweka mfereji wa bati, na saa ya mapumziko mama akatuletea chai ya maziwa uani, mvuke ukipanda kutoka kwenye udongo kila mahali. Alikuwa ananimiminia mimi. Nyuma yake, bila upepo, bila tone la mvua, ukuta wa nyumba ya zamani ulijikunja na kukaa chini. Haukutoa kishindo. Ulitoa sauti ya mtu mnene anayejitupa kwenye kochi. Gogo lililokuwa limeuegemea lilibaki limesimama peke yake kidogo, likayumba, kisha nalo likalala. Paa lilifuata upande mmoja, na bati moja likateleza mpaka miguuni petu.

Mahali pa kitanda palikuwa chini ya udongo wote ule. Hapakuhitaji kuelezwa. Fundi alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika mkononi. Mimi nilibaki nimekaa juu ya karai lililopinduliwa, kikombe kikiwa kimejaa mpaka ukingoni na kinamwagikia suruali.

Mama aliweka birika chini. Alisogea mpaka karibu na kifusi, akakitazama, mikono juu ya khanga, kama alivyokuwa anatutazama sisi tukimweleza mambo ya ujenzi.

"Asante," akaliambia rundo lile. "Umenisubiri."

Upande wa pili wa nyumba ya bluu ng'ombe alihema, pumzi ndefu ya mnyama aliyeshiba. Tulimsikia vizuri sana. Mama akarudi, akaokota birika, akaniangalia suruali, na akaniambia ninywe chai, mwanangu, kabla haijapoa.